Urithi wa Kiti cha Fundikira

Zamani za misafara, mtu aliyetoka Bagamoyo kwenda bara alipanda milima ya Usagara, akapita Ugogo akilipa hongo kwa kila mkubwa wa nchi, kisha akaingia katika pori la kiu liitwalo Mgunda Mkali. Akiisha kulivuka alifika Tura, kijiji cha kwanza cha Unyamwezi, na wapagazi waliokuwa Wanyamwezi wakajua kwamba wamerudi kwao. Mbele yake ilikuwapo nchi ya Unyanyembe, na ndani yake Kaze, pale ambapo baadaye pamekuwa mji wa Tabora. Hapo njia kuu iligawanyika kama matawi ya mti: moja ilikwenda magharibi hata Ujiji, moja kaskazini hata Karagwe na Buganda, na moja ilishika upande wa kusini. Pembe za ndovu zilizotoka pande zote hizo, na nguo na shanga na baruti zilizotoka pwani, zilikutana hapo.

Kwa hiyo mtemi wa Unyanyembe, ingawa nchi yake haikuwa kubwa, alikuwa kama mtu mwenye nyumba penye kivuko. Kila avukaye sharti apite mbele ya mlango wake. Kiti chake kilitamaniwa na watu wa namna mbili: watoto wa ukoo kwa ajili ya heshima, na wageni kwa ajili ya biashara. Katika habari hii nataka kuwaeleza wasomaji jinsi kiti hicho kilivyogombewa tangu mwaka 1858 hata 1893, na jinsi ndoa za watemi zilivyokuwa ndani ya ugomvi huo tangu mwanzo. Vitabu vingi husimulia bunduki na mapigano. Lakini aliyepiga bunduki mara nyingi aligombania jambo lililoanza nyumbani, yaani, nani amezaliwa na nani, na mama yake aliolewa kwa namna gani.

MPAGAZI ALIYEPATA UTEMI

Wazee wengi hulieleza neno mtemi kwa kazi ya kutema: mtemi wa kwanza ni yule aliyetema msitu, akafungua nchi, watu wakalima. Mmoja wa watemi wa Unyanyembe aliitwa Fundikira. Mzungu Burton, aliyefika Kaze pamoja na Speke mwezi wa Novemba 1857, aliandika habari zake. Asema kwamba baba yake alipokufa, Fundikira alikuwa safarini kuelekea pwani, mpagazi katika msafara kama wapagazi wengine. Alipopata habari ya msiba alitua mzigo wake, akajitayarisha kurudi kwao akatawale. Wenzake hawakumwacha aende vivi hivi. Walimtania, nusu kwa mzaha na nusu kwa kweli, wakamwambia kwamba leo yeye ni mwenzao bado, lakini kesho ndiye atakayewatoza faini na kuwachapa viboko.

Alipofika nyumbani alirithi mali ya baba yake yote, na wajane wa baba yake pia, maana ndiyo desturi ya wakati ule. Burton asema kwamba alikuwa na wake 10, nyumba 300 za watumwa na wafuasi wake, na ng'ombe 2,000. Lakini wake hao wote kumi walimzalia watoto watatu tu. Msomaji na aliangalie jambo hilo, maana litarudi.

Fundikira alikuwa mtu wa shauri. Waarabu waliokuja kutoka Unguja aliwapa mahali pa kukaa, wala hakuwatoza sana. Wao nao walimletea zawadi kubwa bila kuombwa. Tena alifunga nao udugu kwa njia iliyo imara kupita maneno, yaani ndoa. Binti yake Karunde aliolewa na mfanya biashara mmoja, Muhammad bin Juma. Huyu ndiye baba yake Hamed bin Muhammed, ambaye watu walimjua zaidi kwa jina la Tippu Tip. Tippu Tip hakuzaliwa na Karunde. Mama yake alikuwa mwanamke wa Kiarabu. Lakini alipokuja kusimulia maisha yake kwa Kiswahili hakuisahau ndoa ile, maana ilimfanya baba yake kuwa mkubwa katika Unyanyembe, mwenye amri kubwa, wala si mgeni tena.

Haya ndiyo mapatano ya Fundikira. Hayakuandikwa popote. Yalikaa katika vichwa vya watu wawili watatu, na katika nyumba ya bibi mmoja.

KUKU WA MGANGA

Mwaka 1858 Fundikira akaugua. Mara ile jamaa zake walishukiwa kwamba wanamwua kwa uchawi. Akaitwa mganga. Burton aeleza jinsi waganga walivyofanya: humpa kuku dawa, humvunja shingo, humpasua vipande viwili, kisha humchungulia ndani. Doa jeusi likionekana penye mabawa, wenye hatia ni watoto na jamaa. Likiwa katika uti wa mgongo, ni mama na bibi. Likiwa mkiani, ni mke. Likiwa mapajani, ni masuria. Likiwa miguuni, ni watumwa.

Mimi sikuleta habari hii ili tuwacheke wazee wa zamani. Tazama vizuri kuku yule, utaona kwamba ni picha ya nyumba ya mtemi. Kila kiungo ni chama, na kila chama kina sababu ya kutaka jambo fulani mzee afapo. Watoto wataka kiti. Mama na bibi wataka kiti kikae upande wao. Mke ana mwana wake, na suria ana wake. Mganga hakuhitaji dawa kujua mambo hayo. Alijua kama kila mtu katika ikulu alivyojua, kwamba ugonjwa wa mtemi ni mwanzo wa mashindano. Watu wengi waliteswa na kuuawa kwa ajili ya ugonjwa ule, na Fundikira akafa vilevile.

MWANA WA SURIA NA MWANA WA MKE

Aliyekalia kiti baada yake aliitwa Mnywa Sele. Speke, aliyekutana naye uso kwa uso mwaka 1861, aliandika kwamba Mnywa Sele alizaliwa na mwanamke mtumwa, bali Mkasiwa, mwenzake wa ukoo uleule, alizaliwa na mke wa ndoa. Basi mtu wa leo aweza kuuliza: ilikuwaje mwana wa mtumwa kumtangulia mwana wa mke?

Jibu limo katika desturi za Unyamwezi. Kwao ndoa haikuwa ya namna moja tu. Mahari yakitolewa, watoto ni wa baba. Yasipotolewa, watoto hurudi upande wa mama. Na katika nchi nyingi za Unyamwezi utemi wenyewe ulifuata upande wa mama: mtemi akifa, mwenye haki ni mwana wa dada yake. Burton asimulia tena desturi moja iliyomshangaza, kwamba mtu huweza kuwaachia mali yake watoto aliozaa na masuria, akawapita watoto wa wake zake. Walipoulizwa sababu walijibu kwamba watoto wa mke wanao wajomba na ndugu wa kuwasaidia, bali mwana wa suria hana mtu ila baba yake.

Hilo ni neno la huruma, tena ni neno la akili. Mtemi amwachiaye kiti mwana wa mke, huwaachia wajomba wa mwana huyo nusu ya kiti. Mwana wa suria hana wajomba wa kumtawala; kila alicho nacho amekipata kwa baba. Kwa hiyo baba humwamini. Lakini nguvu hiyo na udhaifu wake ni kitu kimoja. Baba akiwa hai, mwana wa suria ni mwaminifu kuliko wote. Baba akifa, mwana huyo hutazama nyuma yake asione mtu. Wajomba aliowakosa utotoni huwakosa tena siku ya vita.

Wasomaji watakumbuka habari za Abimeleki mwana wa Gideoni katika kitabu cha Waamuzi. Naye alikuwa mwana wa suria, lakini mama yake alikuwa mwenyeji wa Shekemu, na huko aliwaendea ndugu za mama yake wakampa fedha na watu. Mnywa Sele hakuwa na Shekemu yake.

MFANO WA WAMONGOLI

Mambo haya si ya Unyamwezi peke yake. Wafalme wa Wamongoli, waliotawala sehemu kubwa ya Asia miaka 700 na zaidi iliyopita, walijikwaa penye jiwe lilo hilo. Mkubwa wao wa kwanza, Genghis Khan, alipokuwa kijana bado, mke wake Börte alitekwa na adui zake wa kabila la Merkit. Alimpata tena kwa msaada wa rafiki zake, lakini baada ya kurudi, Börte akazaa mwana, Jochi, na watu wakanong'ona: Je, ni mwana wa nani? Genghis Khan mwenyewe alimkubali Jochi kuwa mwanawe wa kwanza, wala hakutaka maneno. Miaka mingi ikapita. Hata siku ya shauri la urithi, kabla ya kwenda vita vya magharibi vilivyoanza mwaka 1219, mwana wa pili, Chagatai, alimtukana ndugu yake hadharani kuwa ni mtoto wa Merkit, wakashikana. Mwisho wa ugomvi huo wote wawili waliachwa, akachaguliwa wa tatu, Ögedei. Baba yao alikufa mwaka 1227, na Ögedei akatawazwa mwaka 1229.

Ögedei alipokufa mwaka 1241, mjane wake Töregene alishika enzi mpaka mwaka 1246, hata akamweka mwanawe Güyük. Lakini palikuwapo mjane mwingine, mwenye subira kuliko yeye, jina lake Sorghaghtani, mke wa Tolui, mwana mdogo wa Börte. Huyu alikuwa Mkristo, mtu wa kabila la Kerait. Mumewe alipokufa, walitaka kumwoza kwa Güyük ili nyumba mbili ziwe moja. Akakataa kwa adabu, akasema kazi yake ni kulea wanawe. Akawalea. Mmoja, Möngke, akawa mfalme mkuu mwaka 1251, na Kublai akatawala Uchina. Lakini hata watoto wa mama mmoja hawakupona: Möngke alipokufa, Kublai na ndugu yake mdogo Ariq Böke walipigana tangu 1260 hata 1264.

Basi twaona kwamba neno juu ya mama wa mtu laweza kulala miaka ishirini kama moto chini ya majivu. Hakuna amwulizaye mtoto habari za mama yake wakati anapocheza. Huulizwa siku ile kiti kinapokuwa kitupu.

KODI NA VITA

Turudi Unyanyembe. Mnywa Sele alipotawala aliona jambo ambalo baba yake alilifumbia macho. Wageni walikuwa wameongezeka. Bidhaa zilipita kwa wingi. Wenye nchi hawakupata fungu lao. Akaamuru kwamba kila bidhaa iingiayo itozwe kodi. Waarabu wakakataa. Wao walisema kwamba wamepatana na Fundikira. Yeye alisema kwamba Fundikira amekufa, na mwenye nchi sasa ni yeye.

Hebu tulipime shauri hili kwa haki, maana wengi humhukumu Mnywa Sele upesi. Watemi wa Ugogo walitoza hongo kila siku, na hao wafanya biashara walilipa wakinung'unika, wakapita. Kwa nini basi katika Unyanyembe kodi iwe dhambi? Sababu ni kwamba Ugogo walikuwa wapita njia, bali Unyanyembe walikuwa wamejenga nyumba, wamelima mashamba, wameoa. Hawakujiona wageni. Na mtu asiyejiona mgeni hasemi, "Nitalipa au nitaondoka." Husema, "Kwa nini asiondoke yeye?"

Hapo ndipo mambo ya ndoa na urithi yalipowafaa. Kama Mnywa Sele angalikuwa mtemi asiye na mpinzani, Waarabu wangalilazimika kupigana na Unyanyembe nzima. Lakini alikuwako Mkasiwa, na nyuma ya Mkasiwa walikuwako watu wa ukoo walioona kwamba wamepitwa. Muhammad bin Juma, mkwe wa Fundikira, naye akamgeukia Mnywa Sele, akawa upande wa Mkasiwa. Waarabu hawakuwa na haja ya kusema kwamba wanapigania bidhaa zao. Walisema kwamba wanamrudishia mwenye haki kiti chake. Kufika mwaka 1860 hivi Mnywa Sele amekwisha kufukuzwa, na Mkasiwa amekaa mahali pake.

Lakini mtemi aliyefukuzwa hakukubali. Alikwenda huku na huku, mara upande wa Ugogo, mara katika nchi za jirani, na bunduki zake chache, akiziba njia. Mwanzoni mwa mwaka 1861 alikutana na Speke aliyekuwa akirudi bara pamoja na Grant, akamweleza madai yake, akamwomba awe mpatanishi. Speke alipofika Kaze alijaribu. Shauri likavunjika juu ya neno moja: Mnywa Sele alitaka nchi yake, na Waarabu hawakuwa tayari kumwondoa Mkasiwa waliyemweka. Mwaka uleule Snay bin Amir, mkubwa wa Waarabu wa Kaze, yule aliyewakaribisha Burton na Speke kwa ukarimu mwingi, aliuawa vitani. Njia zikafungwa, pembe hazikushuka pwani, na njaa ikaingia. Vita viliendelea hata mwaka 1865, Mnywa Sele alipokamatwa na kuuawa.

Hesabu faida ya Waarabu. Walikataa kulipa kodi; badala yake walilipa miaka mitano ya vita, na maisha ya mkubwa wao.

MATAWI YALIYOKATWA YAKAOTA

Watu walidhani kwamba Mnywa Sele akiisha kufa, neno limekwisha. Haikuwa hivyo. Mtu mmoja wa ukoo wa utemi aliyekuwa upande wake, aitwaye Nyungu ya Mawe, alitoka Unyanyembe akaenda kusini katika Ukimbu pamoja na rugaruga wake. Huko alizishinda nchi ndogondogo, akazifanya milki moja, na ikulu yake ikawa Kiwele. Kiti alichonyimwa kwao alikijenga ugenini. Alipokufa mwezi wa Desemba 1884, watu hawakumtawaza mwanamume, ila mwanamke wa ukoo wake, jina lake Mgalula. Na milki ile haikuvunjika.

Upande wa magharibi na kaskazini aliinuka Mirambo wa Urambo. Yeye naye aliijua siri ya urithi. Mara nyingi alipoishinda nchi hakuweka mtu wake mgeni. Alitafuta mtu wa ukoo uleule wa utemi aliyekuwa amepitwa, akamkalisha. Mwaka 1871 alipigana na Waarabu wa Tabora na Mkasiwa wao. Stanley alikuwako mwanzoni mwa vita hivyo, akaona jinsi Waarabu walivyoshindwa. Tarehe 22 Agosti watu wa Mirambo waliingia Tabora, wakachoma sehemu yake, wakamwua Khamis bin Abdallah. Amani haikupatikana mpaka mwaka 1875. Mirambo alikufa mwezi uleule aliokufa Nyungu, Desemba 1884. Na milki yake, iliyosimama juu ya mtu mmoja, ilianza kupungua mara.

Naye Tippu Tip, aliyelelewa katika nyumba ambayo ndoa iliipa amri, alilichukua funzo hilo mpaka Kongo. Katika habari za maisha yake asimulia jinsi alivyopata utawala wa Utetera. Alikuwa amesikia habari za wanawake wa ukoo wa mtemi wa huko waliotekwa zamani. Alipofika kwa mzee Kasongo Rushie alisema kwamba bibi yake ni mmoja wa wanawake hao, kwa hiyo yeye ni mjukuu wa nyumba ile. Mzee akafurahi, akamwachia kiti. Bunduki zake zilikuwa nyingi, nazo zilisaidia neno lake kuaminiwa. Lakini mlangoni aliingia kwa jina la bibi.

ISIKE NA NYASO

Mkasiwa akafa mwaka 1876, na mwanawe Isike akatawala. Hapa pana jambo la kuangaliwa. Mkasiwa aliwekwa na Waarabu. Basi ilidhaniwa kwamba mwanawe atakuwa mtu wao. Lakini kiti kina tabia yake, nacho humfundisha akikaliaye. Isike alitazama njia kutoka mahali pale pale alipokaa Mnywa Sele, akaona neno lile lile Mnywa Sele aliloliona: kwamba mali inapita mlangoni na mwenye mlango hapati haki yake. Naye akadai hongo. Naye akagombana na wafanya biashara. Mwana wa aliyewekwa ili kodi isitozwe, akawa mtozaji mkali.

Hapo wakafika watu wa tatu. Mwaka 1890 Emin Pasha alipandisha bendera ya Wadachi katika Tabora, na Waarabu wa mji wakapatana naye. Mwaka 1892 Wadachi walimshambulia Isike katika ngome yake, wakarudishwa nyuma. Mwezi wa Januari 1893 akaja Tom von Prince na askari. Ngome ilipoingiwa, Isike alijifungia katika chumba cha baruti pamoja na jamaa zake, akaiwasha.

Wadachi walimtafuta nani wa kukalia kiti? Hawakuvumbua njia mpya. Walifanya kama Waarabu walivyofanya mwaka 1860, na kama Mirambo alivyofanya siku zote: walitazama ndani ya ukoo, wakamchukua aliyekuwa upande mwingine. Akawekwa mwanamke, Nyaso, wa ukoo wa Fundikira. Hivyo kiti kilirudi kwa Bibi Nyaso kwa mkono wa mgeni mwingine, na safari hii mgeni hakuomba mahali pa kukaa, wala hakuoa binti wa mtu. Alichukua nchi.

TUNALOJIFUNZA

Miaka 35 ilipita tangu kuku wa mganga mpaka baruti ya Isike. Katika miaka hiyo kila mgeni aliyeishinda Unyanyembe alipitia mlango uliofunguliwa kutoka ndani. Wahenga walisema, vita vya panzi furaha ya kunguru. Nami naona neno hilo ni kweli, lakini halitoshi. Maana si kosa la panzi kuwa wengi. Nyumba ya mtemi ilikuwa na watoto wa mama mbalimbali tangu zamani, nayo ilidumu. Wazee walikuwa na njia zao za kuchagua, na aliyekosa alipewa nchi ndogo au alihama na watu wake. Kilichoharibu ni kwamba tangu njia ya misafara ipite mlangoni, aliyekosa hakuwa na haja ya kuwasikiliza wazee tena. Aliweza kumwendea mwenye baruti. Na mwenye baruti hakutaka kujua ni nani mwenye haki. Alitaka kujua ni nani atakayekubali.

Tena tusisahau kwamba haki yenyewe ilipita mikononi mwa wanawake. Karunde alimpa mumewe jina katika nchi. Mama yake Mnywa Sele, asiyetajwa jina katika kitabu cha Speke, alitosha kumpinga mwanawe kwa kuwa mtumwa tu. Mgalula alishika milki aliyoijenga mtu wa vita, wala haikumshinda. Nyaso alikalia kiti kilichokwisha kuua wanaume wawili. Aulizaye habari za watemi asiulize tu ni nani aliyetawala baada ya nani. Aulize pia, huyu aliolewa wapi, na yule dada yake alikuwa nani.

Utemi kama serikali uliondolewa katika Tanganyika mwaka 1963. Mtu wa ukoo ule, Abdallah Fundikira, aliyekuwa mtemi wa Unyanyembe, alikuwa pia Waziri wa Sheria katika serikali ya kwanza ya nchi huru. Viti vya namna hiyo havirithiwi tena. Lakini katika kila kijiji mzee hufa, huacha shamba, nyumba na ng'ombe, na watoto wa mama wawili au watatu. Hapo maneno yale ya zamani hutoka chini ya majivu: wewe mama yako aliolewa kwa mahari gani? Fundikira alikuwa na ng'ombe 2,000 na watoto watatu, na bado havikutosha, kwa kuwa alipatana vizuri na wageni kuliko alivyowapatanisha watu wa nyumbani mwake. Mzee aliye na nguvu bado na awaite wanawe wote, wa mama huyu na wa mama yule, aseme neno lake mbele ya mashahidi wakati wa afya, kabla hajaitwa mganga.